Mwongozo Kamili wa Kukusanya Stempu za Misaada kwa Wakimbizi Ukiwa Dar es Salaam

Kabla ya hatua yoyote, itazame vizuri stempu moja chini ya taa. Ni stempu ya Marekani ya senti 4, iliyotolewa tarehe 7 Aprili 1960, nayo inaonyesha familia inayotoka gizani kuelekea mlango wenye mwanga. Huwezi kujua familia hiyo imetoka wapi wala imemkimbia nani. Mlango umechorwa na mwenye nyumba, na kwa hiyo picha nzima inatuambia zaidi kuhusu mwenye nyumba kuliko kuhusu mgeni.

Jambo hilo ndilo lililonifanya niandike mwongozo huu. Stempu za misaada kwa wakimbizi hubuniwa na wasaidizi, na hueleza nia ya wasaidizi. Mkimbizi mwenyewe huonekana zaidi kwenye bahasha, kwenye muhuri wa posta ya wilaya ya mpakani na kwenye anwani iliyoandikwa kwa kalamu ya wino. Mkusanyaji wa Dar es Salaam anaweza kuziweka pande hizo mbili katika albamu moja kwa urahisi kuliko wenzake wengi wa ng'ambo, kwa kuwa nchi hii imepokea wakimbizi kwa miongo mingi na barua za miaka hiyo bado zimo makabatini mwa watu.

Hatua ya kwanza: Ijue historia kabla ya kufungua pochi

Mwaka 1921 Ushirika wa Mataifa, uliotangulia Umoja wa Mataifa wa leo, ulimteua Fridtjof Nansen, msafiri maarufu wa Aktiki kutoka Norway, kuwa Kamishna Mkuu wa Wakimbizi. Mwaka uliofuata alipata Tuzo ya Amani ya Nobel, na mwaka huohuo ikaanza kutumika hati ya kusafiria ya watu wasio na nchi, iliyokuja kuitwa pasipoti ya Nansen. Kwenye hati hiyo ilibandikwa stempu ya ada yenye sura ya Nansen, ya faranga 5 za dhahabu, na fedha iliyopatikana ilitumika kuwasaidia wakimbizi. Hii haikuwa stempu ya barua, na wakusanyaji wengine huipuuza kwa sababu hiyo, lakini mimi ningeiweka ukurasa wa kwanza, kwani hapa mkimbizi mwenye uwezo ndiye aliyekuwa akimchangia mkimbizi mwenzake.

Stempu za barua zilifuata. Norway ilitoa mwaka 1935 stempu 4 zenye sura ya Nansen, kila moja ikiwa na nyongeza ya øre 10 kwa ajili ya mfuko wa wakimbizi wenye jina lake. Ufaransa ilitoa mwaka 1936 stempu ya sentimi 75 yenye nyongeza ya sentimi 50, ikiwa na picha ya Sanamu ya Uhuru, ili kuwasaidia wakimbizi wa kisiasa. Stempu za aina hii tunaweza kuziita stempu za hisani: tarakimu ya kwanza ni nauli ya barua, na tarakimu inayofuata alama ya kujumlisha ni mchango. Zizoee mapema, maana muuzaji asiyezijua hujumlisha tarakimu zote mbili akadhani hiyo ndiyo thamani ya stempu.

Baada ya Vita Kuu ya Pili, Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa liliamua tarehe 14 Desemba 1950 kuanzisha ofisi ya Kamishna Mkuu wa Wakimbizi, yaani UNHCR, na Mkataba wa Wakimbizi ukapitishwa tarehe 28 Julai 1951. Umoja wa Mataifa ulianza kutoa stempu zake wenyewe tarehe 24 Oktoba 1951, na kufikia Aprili 1953 ulikuwa umeshatoa mbili za ulinzi wa wakimbizi, moja ya senti 3 na nyingine ya senti 5.

Kilele cha historia hii ni Mwaka wa Wakimbizi Duniani, kampeni ya kimataifa ya kuwasaidia wakimbizi. Wazo lilitoka kwa Waingereza vijana wanne walioandika makala katika jarida la siasa mwaka 1958. Baraza Kuu likalikubali Desemba ya mwaka huo, na Mwaka wenyewe ukaanza Juni 1959. Umoja wa Mataifa ulitoa stempu zake tarehe 10 Desemba 1959, za senti 4 na senti 8, zenye mikono inayomkinga mtu. Kisha, tarehe 7 Aprili 1960, makumi ya nchi zilitoa stempu kwa siku moja.

Uingereza, ambako wazo lilizaliwa, haikutoa stempu yoyote. Wala hakuna toleo hilo katika stempu za Kenya, Uganda na Tanganyika, ambazo wakati huo zilikuwa bado chini ya utawala wa Kiingereza. Kwa hiyo mtu akikuahidi stempu ya Tanganyika ya Mwaka wa Wakimbizi, mshukuru na uendelee na safari yako. Stempu zenye jina la Tanganyika pekee, zilizowahi kutolewa kabla ya 1935, zilirudi katika enzi ya uhuru, Desemba 1961.

Hatua ya pili: Weka mipaka

Mada ya wakimbizi ni pana kama bahari, na anayejaribu kuichota yote hubaki na sanduku la vipande visivyosemezana. Chagua mpaka mmoja ulio wazi. Unaweza kukusanya toleo la tarehe 7 Aprili 1960 pekee. Unaweza kukusanya stempu za Umoja wa Mataifa pekee, kuanzia zile za 1953, kupitia toleo la 1971 la kuunga mkono wakimbizi, hadi lile la mwaka 2000 la heshima kwa wakimbizi. Au unaweza kuanza na 1960 kisha ukaongeza sura ya pili inayohusu Tanzania. Njia ya tatu ndiyo ninayoipendekeza, na hatua zilizobaki zimeandikwa kwa kuifuata hiyo.

Hatua ya tatu: Andika orodha ya unachokitafuta

Nunua daftari la kawaida lenye mistari, na kila stempu uiandikie nchi, tarehe ya kutolewa, thamani iliyochapwa, picha na hali yake. Usianze na katalogi ya ng'ambo yenye maelfu ya namba. Anza na picha, kwa sababu kwenye picha ndiko nchi zilikosema mambo tofauti.

Alama rasmi ya Mwaka wa Wakimbizi ilikuwa mwaloni uliong'olewa, mizizi yake ikiwa wazi. Ujerumani ya Magharibi iliuweka kwenye stempu mbili, ya fenigi 10 na ya fenigi 40. Uholanzi iliutumia kwenye stempu za hisani, ya senti 12 yenye nyongeza ya 8 na ya senti 30 yenye nyongeza ya 10. Kwa msomaji wa pwani, ambaye hajawahi kuuona mwaloni lakini ameuona mwembe uliong'olewa na upepo wa kusi ukiwa umelala uwanjani na udongo mwekundu bado umeshika mizizi, alama hiyo haihitaji mkalimani.

Italia haikuridhika na mti. Stempu zake mbili, za lira 25 na lira 60, zilichukua kipande cha mchoro wa Raphael, mchoraji wa Italia, ambamo kijana anakimbia moto akiwa amembeba baba yake mzee mgongoni, kama Aeneas wa hadithi za kale alivyoutoroka mji wa Troy uliokuwa ukiungua. Vatikani ilitoa stempu 6 zenye michoro mitatu ya kale, ukiwemo ule wa Fra Angelico wa Yosefu na Mariamu wakikimbilia Misri na mtoto, na Ireland nayo ikachagua safari hiyohiyo ya Familia Takatifu. Ziweke pamoja stempu za Italia, Vatikani na Ireland katika ukurasa mmoja, kwa kuwa zote zinasema jambo ambalo mwaloni hausemi: kwamba aliyekimbia ana baba, ana mama, ana mtoto, na safari yake ni ya zamani kuliko mashirika yote.

Kwa upande wa Afrika, tafuta za Ethiopia na Sudan, na kwa upande wa Asia tafuta za Malaya, ambayo ilikuwa imepata uhuru mwaka 1957 na ikatoa stempu mbili, za senti 12 na senti 30. Tafuta pia stempu za Misri za toleo hilo zilizopigwa chapa ya juu, yaani maneno yaliyoongezwa juu ya stempu iliyokwisha kuchapwa, kwa ajili ya Gaza, ambako wakimbizi wa Kipalestina walikuwa wakiishi chini ya utawala wa Misri. Kundi hili la Afrika na Asia ni vyema ukalimaliza mapema, kwa sababu ndilo linaloonyesha kwamba kampeni haikuwa ya Ulaya peke yake.

Hatua ya nne: Tafuta hapa mjini kwanza

Anza Posta Mpya, Mtaa wa Azikiwe. Ulizia stempu za wakusanyaji na bahasha za siku ya kwanza, yaani bahasha zilizopigwa muhuri siku ileile stempu ilipotolewa. Usitegemee kukuta matoleo ya 1960 dirishani. Unakwenda pale kujua yanayotolewa sasa, na kuomba muhuri usomeke vizuri unapotuma barua zako mwenyewe. Jifunze kuomba kwa adabu, kwa maneno kama haya: "Dada, naomba unipigie muhuri taratibu, tarehe ionekane, ni ya kuhifadhi." Mara nyingi utapigiwa vizuri kuliko ulivyotarajia.

Chanzo cha pili ni watu, nacho kina mali nyingi kuliko dirisha lolote. Waulize wazee waliofanya kazi serikalini, katika misheni, katika mashirika ya misaada na mashuleni Kigoma, Ngara, Tabora na Mpanda. Usiulize "mnazo stempu?" kwa sababu watakujibu hawana, uliza kama wametunza barua. Mzee mmoja wa Upanga aliniambia mara mbili kwamba hana kitu, kisha nilipotaja neno barua alimwita mjukuu wake, "Hebu, mwanangu, niletee lile sanduku la bati," na ndani yake mlikuwa na bahasha za miaka ishirini zilizofungwa kwa kamba ya katani.

Wauzaji wa vitabu vya mitumba na vitu vya kale katikati ya mji huwa na albamu za zamani mara mojamoja. Ukinunua kwa intaneti kutoka nje, omba picha ya mbele na ya nyuma, na hakikisha namba ya sanduku lako la posta imeandikwa sawasawa, maana stempu inayopotea njiani kwa kukosa namba ya S.L.P. ni msiba wa kujitakia.

Hatua ya tano: Kagua kabla ya kulipa

Vifaa ni vitatu: lenzi ya kukuzia, kibanio kidogo chenye ncha bapa, na kipimo cha matundu. Vidole vina mafuta na jasho, hasa kwa hali ya hewa yetu, na alama ya kidole kwenye gundi haifutiki. Shika kwa kibanio tangu siku ya kwanza.

Tazama kingo nne. Meno ya stempu huhesabiwa kwa idadi ya matundu katika urefu wa sentimita 2, na jino lililokatika hupunguza thamani. Kisha igeuze. Gundi kamili huwa laini na yenye mng'ao sawa. Pakiwa na doa lisilong'aa la mraba katikati, stempu iliwahi kubandikwa kwenye albamu kwa karatasi yenye gundi. Hilo si kosa la kuikataa, ila ni sababu ya kulipa kidogo. Ishike pia mkabala na taa ili uone kama karatasi imekonda mahali fulani, dalili kwamba iling'olewa kwa nguvu.

Chapa za juu zinahitaji uangalifu wa pekee, kwa sababu mtu mwenye mashine ndogo anaweza kuiongezea stempu ya kawaida maneno na kuifanya ionekane adimu. Linganisha umbo la kila herufi na picha ya kuaminika, na uangalie kama wino wa chapa umekaa juu ya muhuri wa posta. Ukiwa juu ya muhuri, chapa ilipigwa baada ya stempu kutumika, na hapo pana udanganyifu. Kwa matoleo ya kuanzia mwaka 2002, Umoja wa Posta Duniani una mfumo wa namba unaoitwa WNS, ambamo nchi husajili stempu zake halisi. Stempu mpya yenye jina la nchi iliyomo katika mfumo huo, lakini yenyewe isiyoonekana humo, itilie shaka.

Kuhusu bei, sina maneno mengi. Stempu nyingi za 1960 zilichapwa kwa wingi na kununuliwa na wakusanyaji wa dunia nzima wakati huohuo, hivyo si adimu, na anayezitaja kama dhahabu hazijui au anakujua wewe huzijui.

Jambo jingine la kukagua ni matumizi. Stempu za Umoja wa Mataifa hutumika kutuma barua pale tu barua inapopostiwa katika ofisi zake za New York, Geneva au Vienna. Ukiona bahasha yenye stempu hiyo na muhuri wa mji mwingine, jua kwamba ilibandikwa kama pambo.

Hatua ya sita: Kutoa stempu kwenye karatasi

Kwanza jiulize kama unapaswa kuitoa. Ikiwa muhuri unasomeka na bahasha ina anwani, iache nzima; nimeshasema kwamba historia ya mkimbizi imo humo. Toa zile tu zilizokwisha kukatwa au zilizo kwenye bahasha iliyochanika vibaya.

Kata karatasi ukiacha pambizo kidogo kuizunguka stempu, iweke kwenye bakuli la maji ya kawaida, na usubiri dakika 15 hadi 20 mpaka stempu ijiachie yenyewe. Usiivute. Isuuze kwa maji safi, ilaze uso chini juu ya karatasi nyeupe isiyo na maandishi, na ikikaribia kukauka iweke chini ya kitabu kizito usiku kucha. Karatasi za rangi, hasa nyekundu, ziloweke peke yake, kwa sababu rangi hutoka na kuipaka stempu. Stempu za kisasa za kujibandika mara nyingi haziachii majini. Hizo zikate na karatasi yake. Na stempu isiyotumika isiguse maji kabisa.

Hatua ya saba: Hifadhi dhidi ya unyevu wa pwani

Hapa miongozo ya nchi za baridi haitusaidii sana, na hapa ndipo nilipopata hasara yangu. Nilikuwa na seti nzima ya Vatikani, stempu 6 zenye gundi kamili, nikaziweka katika mifuko ya plastiki ya faili za ofisini, ndani ya kabati lililoegemea ukuta wa nje. Masika ilipokwisha nilifungua na kukuta gundi imeshikana na plastiki. Nilipojaribu kuinua ya kwanza, ilitoka nusu: uso wa Mariamu mkononi mwangu, na mgongo wa karatasi umebaki kwenye plastiki kama ganda la kitunguu. Tano zilizobaki niliziloweka, nikazipata zikiwa hazina gundi.

Tumia albamu yenye mifuko isiyo ya PVC, maana plastiki ya PVC hutoa kemikali na huganda kwenye karatasi kwa joto. Isimamishe albamu wima kama kitabu rafuni, usiilaze chini ya nyingine, kwa sababu uzito na unyevu vikikutana stempu hushikana. Rafu iwe mbali na ukuta wa nje na mbali na jiko. Weka ndani ya kabati vile vipakiti vya shanga za kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya, na uvibadilishe kila kabla ya masika na kabla ya vuli. Kila wiki chache fungua kurasa zipate hewa, siku kavu, saa za mchana. Karafuu na vidonge vya naftalini vya kufukuza wadudu visiguse albamu. Huweza kutia karatasi madoa.

Hatua ya nane: Panga sura ya Tanzania

Sura hii haihitaji stempu yenye neno wakimbizi. Inahitaji bahasha za kawaida zilizosafiri kutoka mahali walikokuwa wakimbizi, na maelezo mafupi chini yake.

Mpangilio unaweza kuanzia wakati wa vita, Wapoland walipoletwa Tengeru karibu na Arusha kuanzia 1942. Barua za Tanganyika za miaka hiyo zina stempu za Mfalme George VI na huweza kuwa na alama za wakaguzi wa barua. Baadaye wanakuja wakimbizi wa Rwanda, wa Msumbiji wakati wa vita vya ukombozi, na wa Burundi baada ya mauaji ya 1972, waliopewa makazi ya Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Hapa tafuta mihuri ya Tabora na Mpanda. Weka katikati ya sura hii karatasi yenye maelezo kwamba Mwalimu Nyerere alipewa Nishani ya Nansen, ambayo UNHCR huwapa waliowatumikia wakimbizi, mwaka 1983. Ndipo jina lililoanza ukurasa wa kwanza linaporudi nyumbani kwetu. Kisha inakuja Aprili 1994, wakati Wanyarwanda wapatao 250,000 walipovuka daraja la Rusumo katika muda wa saa 24 hivi na kambi ya Benaco ikazaliwa Ngara. Bahasha yenye muhuri wa Ngara wa mwaka huo ni mali kubwa, hata kama stempu yake ina picha ya samaki au ua. Mwisho ni Kasulu, kwa kambi ya Nyarugusu iliyoanzishwa 1996 kwa ajili ya Wakongo.

Ili kuhakiki tarehe, nenda Maktaba Kuu ya Taifa, Barabara ya Bibi Titi Mohamed, usome magazeti ya zamani, au uombe kibali cha kusoma katika Nyaraka za Taifa. Maelezo ya kila ukurasa yawe mistari mitatu au minne: bahasha imetoka wapi, imepita wapi, muhuri unasema nini, na wakati huo kulikuwa na nini mahali hapo.

Kuna sharti moja nisilolilegeza. Barua ya mkimbizi ina jina lake, na pengine jina la ndugu aliyebaki kule alikotoka, na watu hao wanaweza kuwa hai. Unapoonyesha bahasha hadharani, au unapoipiga picha, funika jina na anwani kwa kipande cha karatasi kisicho na gundi, uache stempu, muhuri na mji tu. Barua iliyomo ndani usiitoe kuisoma bila ruhusa ya aliyekupa. Nyuma ya ukurasa, kwa penseli laini, andika aliyekupa bahasha na tarehe aliyokupa, ili siku akiidai, yeye au mjukuu wake, ujue ni ipi ya kumrudishia.